Nilipiga foleni ya malkia na sikusema kitu

Mmeuliza wiki hii kama Waingereza wabaki na ufalme baada ya Mfalme Charles ama waufute. Kwangu hilo si swali la kupitisha wakati. Naishi London, na kwa vile Kenya iko Jumuiya ya Madola naruhusiwa kupiga kura za hapa, kwa hivyo siku wakiitisha kura ya maoni na mimi nitakuwa kwa laini. Na miaka yote jibu langu limekuwa moja tu, ufutwe.

Lakini wacha niwaambie ile foleni ya Septemba 2022. Malkia Elizabeth amefariki, mwili wake umelazwa Westminster Hall, ukumbi wa bunge, watu wamuage, mwenzangu wa kazini, Mwingereza, akaniomba nimsindikize maana hakutaka kukesha peke yake. Tukaunga laini Southwark Park Ijumaa jioni tumetoka shifti, tukavalishwa kikanda cha mkononi chenye namba, tukafuata mto usiku kucha, baridi hiyo jamani, miguu imekufa ganzi, hatua mbili unasimama, hatua tatu unasimama. Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja na thamosi ya chai. Karibu na Tower Bridge akanimiminia kwa kifuniko, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya, Nyeri. Uso ukamchangamka! Treetops, ile hoteli ya juu ya mti! Si huko ndiko Elizabeth alipanda mtini akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia? Nikasema ndiyo, ni kwetu. Nikanywa chai.

Sikumwambia kwamba hiyo ilikuwa Februari 1952, na Oktoba mwaka huo huo Waingereza wakatangaza hali ya hatari kupambana na Mau Mau, wapigania uhuru wetu, baadaye shosho wangu, mama ya mama yangu, akahamishwa kwa nguvu akatiwa kijiji cha kulindwa na askari, akachimbishwa mtaro kando ya msitu wa Aberdare, msitu huo huo wa Treetops, mtoto mgongoni, yote kwa jina la malkia. Alikuwa akituonyesha kina cha ule mtaro kwa kuinua mkono juu kabisa ya kichwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati huo pauni milioni 19.9, shosho tulikuwa tumeshamzika.

Mpaka leo naumia kwamba nilinyamaza. Yule mama alikuwa mtu mzuri na sikuona pa kuanzia. Asubuhi tukaingia ukumbini, kimya, unasikia viatu tu. Watu wanainama, wengine wanapangusa machozi. Mimi sikuinama. Nilitazama lile taji juu ya jeneza, ni dogo kuliko nilivyodhani, nikasogea nikatoka.

Sasa hapa ndipo jibu langu linanishinda. Vijana wengi wa hapa hawana habari na ufalme, wazee ndio wanaoushikilia, kwa hivyo unaweza kwisha wenyewe polepole. Na ukiisha, nani atamwomba shosho msamaha? Charles alikuja Nairobi Oktoba 2023 akasema ukatili ule hauna udhuru, akakaribia kabisa, lakini neno samahani halikutoka. Najua mfalme husema yale serikali yake imekubali, labda namlaumu bure, na najua neno halifukii mtaro. Lakini huyo rais watakayemchagua atasema hayo ni ya waliopita. Basi nikipewa karatasi leo ningeweka alama ufalme ubaki, angalau mpaka hilo neno litoke.

Mama yangu, ambaye ndiye yule mtoto wa mgongoni, anasema nimechanganyikiwa, waufute hata kesho.