Jibu: Nani hasa alichoma maktaba ya Aleksandria?

Ndugu, umeuliza kuhusu ile maktaba kubwa ya kale ya Misri, ni Kaisari (Julius, jemadari wa Roma) aliyeichoma au ni Waarabu. Kile kisa cha Khalifa Umar kuamuru vitabu vikachochee moto wa mabafu kiweke pembeni: kilianza kuandikwa zaidi ya miaka 500 baada ya Waarabu kuingia Misri. Kaisari naye alichoma meli bandarini mwaka 48 KK, moto ukasambaa mjini, ila Strabo, mwanajiografia Mgiriki, alipofika miaka ya baadaye aliwakuta wasomi wa pale wangali wanakula pamoja ukumbini mwao, yaani kituo chao bado kilikuwa hai.

Mimi namlaumu zaidi Ptolemaio wa 8, mfalme wa Misri, aliyewafukuza wasomi mwaka 145 KK. Magombo ya mafunjo bila mtu wa kuyanakili huishia kwa unyevu na wadudu. Halafu vita vya Aurelian, mtawala wa Roma, miaka ya 270 BK, vikaubomoa mtaa wa kifalme, ilimokuwa maktaba.

Na jinsi wafalme hao wa Misri walivyovikusanya vitabu, wee! Galen, tabibu Mgiriki wa kale, anasimulia kuwa meli ikitia nanga vitabu vilichukuliwa, mwenyewe akarudishiwa nakala tu. Ptolemaio wa 3 aliazima tamthilia za Athens kwa dhamana ya talanta 15 za fedha, akabaki na maandiko ya asili, dhamana akaiacha iende.