Uliza Bibi wa Riwaya: Bangili za Nargis na shilingi tatu

SWALI: Asalam aleikum bibi. Mie msichana wa Wete, naandika hadithi ya mapenzi ya zama za vita vya pili vya dunia. Nargis ni Mhindi wa Bombay, Faki kijana wa kwetu kaingia Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki), wanakutana Bombay 1942 wanapendana. Nishafika sura ya saba, shoga yangu kaisoma kasema imekaa kisinema tu, vita havimo. Nimekuletea kurasa ishirini, hivyo vita nivitie wapi? – Msomaji, Wete

JIBU: Waaleikum salam mwanangu. Zote nimezisoma, umeme ukakatika nikamalizia kwa tochi ya simu, na shoga yako hakukuonea. Kwanza tutoe vidogo vidogo. Faki ananunua bangili sokoni Bombay kwa shilingi tatu, hapana, kule ni rupia na ana, ana 16 ndio rupia moja, na hilo sie hatukutakiwa kulikosea mana hapa kwetu rupia imetumika mpaka 1936. Alafu baba yake Nargis anataka kumkimbizia binti yake Pakistan. 1942 Pakistan iko wapi? Imezaliwa Agosti 1947. Na ile treni ya Bombay mpaka Calcutta umeipa jioni moja, masafa yanakaribia kilomita 2,000, kwa treni za wakati ule ni zaidi ya siku nzima, yani umejinyima mwenyewe siku nzima ya watu wawili ndani ya behewa moja.

Sasa hilo kubwa. Vita umevitundika ukutani kama kalenda, Nargis anachungulia dirishani ndege zinapita, basi. Vita ndio viamue nani anakutana na nani na nani anamkosa nani. Tena Keya walipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwanza, 1944 ndio wakaingizwa Burma (Myanmar ya leo), kwa hiyo Faki wa kuzurura Bombay na sare ya Keya mwaka 1942 hakai. Mie ningemfanya baharia. India ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu, basi aje na meli ya karafuu mapema 1939, ananukia karafuu mpaka kwenye kola, Nargis anajua kaja kabla hajamuona. Anaondoka akiahidi kurudi, Septemba mtawala wa Kiingereza anatangaza India imo vitani bila ya kumuuliza kiongozi hata mmoja wa Kihindi, na Faki ndio kakwama huku, mwisho kaingia jeshini.

Zinabaki barua. Na barua za vita zilikuwa zinafunguliwa na wakaguzi, neno wasilolitaka wanalikata. Mpe Nargis karatasi yenye tundu, pale palipokuwa na jina la mji hapana kitu, kaingiza kidole mule anakipitisha pole pole. Mwache hapo, usituandikie "moyo wake ulijaa mapenzi", tushaona.

Alafu kuna usiku wa 8 Agosti 1942, Gandhi yuko uwanja wa Gowalia Tank, Bombay hiyo hiyo, anawataka Waingereza waondoke India, alfajiri akakamatwa. Kaka yake Nargis awemo kwenye umati ule. Anarudi nyumbani macho mekundu, anamkuta dada yake kashika picha ya mtu aliyevaa sare ya Mwingereza! Ugomvi huo hukuuandika hata mstari mmoja, na mie ndio niliokuwa nausubiri kurasa zote ishirini.

Mwisho, Keya mtoe mtie kwenye kikosi cha mizinga. Februari 1944 apande Mombasa, meli Khedive Ismail, kwenda Colombo. Hiyo ni ya kweli, nyambizi ya Kijapani iliipiga tarehe 12 karibu na Maldives ikazama kwa dakika chache tu, wakafa watu karibu 1,300, wengi askari wa Afrika Mashariki, na manesi walikuwemo. Kama Faki anapona sikuamulii, ila barua yake ya mwisho ifike Machi.

SWALI: Bibi, hizi riwaya za mapenzi za India ya Mwingereza kila nikishika moja mpenzi ni ofisa mzungu juu ya farasi, Wahindi wao kuleta chai tu. Nisome au nitupe? – Mdau, Jang'ombe

JIBU: Soma kaka yangu, mie mwenyewe nazisoma na kanga nimejifunika uso. Ninachokasirika ni kimoja, ofisa anacheza dansi Simla, mji wa milimani wa Waingereza, 1943 na mwandishi hataki kabisa kutazama Bengal, jimbo la mashariki ya India. Watu kiasi milioni 3 walikufa kule kwa njaa na maradhi yake. Wajapani washaichukua Burma, mchele wa Burma haupiti tena, ule ule ukiliwa na hapa kwetu, bei zikapaa, na juu yake serikali ilishazichukua na kuziharibu boti za watu wa pwani ya Bengal isije Mjapani akazitumia. Mvuvi umnyang'anye chombo, sie wa visiwani hatuhitaji kuelezwa.

Ukitaka mapenzi ya mwaka ule basi watazame Gandhi na Kasturba, wamefungwa pamoja kwenye jumba la Aga Khan mjini Poona, bibi akafia humo humo kifungoni 22 Februari 1944, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mumewe. Walioana wakiwa watoto, wamekaa zaidi ya miaka 60. Hamna farasi hapo.

Na wewe wa Wete, kurasa zako nimempa mtu wa boti, nimeandika kwa kalamu nyekundu usishtuke.