Kuongeza matumbawe kwenye tangi la nyumbani: jibu kwa mwenye Euphyllia isiyofunguka

Ndugu uliyeuliza kutoka Birmingham, nimelisoma swali lako hadi mwisho. Una tangi la lita 200 lenye umri wa miezi minne, samaki wawili wa anemoni na konokono wachache. Wiki iliyopita ulinunua Euphyllia, tumbawe gumu lenye minyiri mirefu, yenye vichwa viwili, nayo haijafunguka vizuri, na tangu hapo umeihamisha mara tatu, umeongeza nguvu ya taa, tena umetia virutubisho vya chupa ulivyoshauriwa dukani. Unauliza ufanye nini zaidi, kama Acropora, tumbawe gumu la matawi, inaweza kufuata, na kama utakapokwenda Dar es Salaam mwezi Desemba unaweza kurudi na kipande cha tumbawe kutoka kisiwa cha Mbudya. Mimi hufuga matumbawe hapa Berlin, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uache kuligusa tumbawe hilo kwa wiki mbili nzima.

Sababu iko ndani ya mnyama mwenyewe. Tumbawe la aina hii hubeba katika nyama yake mwani wa chembe moja unaotengeneza sukari kwa mwanga, na sehemu kubwa ya chakula chake hutoka huko. Mwanga ukibadilika, mnyama hulazimika kurekebisha wingi wa mwani huo na rangi zake, kazi inayochukua siku nyingi; ukimhamisha kila baada ya siku mbili, unamfanya aianze upya kila mara. Mwanga ukizidi ghafla, hasa maji yakiwa ya joto, mwani huzalisha oksijeni yenye sumu kwa nyama ya tumbawe, na mnyama huutoa nje akabaki mweupe. Ndicho kilichotokea kwa kiwango kikubwa mwaka 1998, joto la El Niño lilipoyapausha matumbawe ya pwani yetu, Kenya na Tanzania. Kwa hiyo rudisha taa kwenye nguvu uliyokuwa nayo mwanzo, weka tumbawe chini karibu na mchanga kwa mara hii ya mwisho, kisha pandisha mwanga kidogo kidogo kwa muda wa wiki tatu au nne. Euphyllia haihitaji mwanga mkali. Katika vipimo vya PAR, yaani mwanga ambao mwani unaweza kuutumia, kati ya 80 na 150 hutosha, wakati Acropora nyingi hupendelea 200 na zaidi.

Mkondo wa maji nao utazame kwa macho. Minyiri inapaswa kuyumba huku na huko, isilale upande mmoja kama nyasi chini ya upepo. Pampu ikilielekea tumbawe moja kwa moja, igeuzie ukutani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukulitaja kabisa, nalo ndilo ninalolishuku zaidi, yaani ualkali wa maji. Huu ni uwezo wa maji kuikabili tindikali, unaotokana hasa na bikaboneti ambayo tumbawe gumu huitumia pamoja na kalisi kujenga mfupa wake. Kiwango chochote kati ya 7 na 10 dKH (nyuzi za kupimia ualkali) kinafaa, ilimradi kikae hapo hapo. Tumbawe linaloishi vizuri kwenye 7.5 huumia likiamka asubuhi kwenye 10. Maduka huuza chumvi za aina nyingi, nyingine zikichanganywa hutoa ualkali wa takriban 8 na nyingine hukaribia 12, hivyo mtu anayebadilisha chumvi na papo hapo akabadilisha theluthi ya maji huwa amelitikisa tangi zima bila kujua. Chupa ulizotia, kama zina bikaboneti, zimefanya vivyo hivyo. Zisimamishe. Pima ualkali kila siku kwa wiki moja, saa ile ile ya siku, uandike namba hizo daftarini. Ukiona unashuka kwa kiasi kinacholingana kila siku, hapo ndipo utakapojua kiasi cha kurudisha, nacho kisizidi dKH 1 kwa siku. Kalisi iwe kati ya 400 na 450 mg kwa lita na magnesi karibu na 1300, ambazo hupanda na kushuka polepole zaidi na hazihitaji kupimwa kila siku. Kwa tumbawe moja au mawili katika lita 200, kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kwa chumvi ile ile kunatosha.

Maji yanayopotea kwa mvuke yarudishwe kwa maji matamu yaliyochujwa, kamwe si ya chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji ya tangi, au uzito linganishi wa 1.026 kwenye nyuzi 25. Maji ya bomba yasiyochujwa huingiza fosfeti na, katika nyumba zenye mabomba ya shaba, hata shaba yenyewe, ambayo ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Kuna wanaofanikiwa nayo, mimi nisingejaribu.

Naitreti na fosfeti usizifukuze hadi sifuri. Wageni wengi hudhani kwamba maji safi kabisa ndiyo bora, lakini matangi yaliyokondeshwa hivyo mara nyingi huvamiwa na utelezi wa rangi ya kahawia wenye mapovu, ambao kuuondoa ni kazi ya miezi. Naitreti kati ya 2 na 10 mg kwa lita, na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1, hulisha tumbawe bila kulisha mwani wa mawe kupita kiasi.

Utakaponunua kipande kingine, uache mfuko uelee juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane, kisha ukichovye kipande kwenye bakuli lenye maji ya tangi na dawa ya kuogeshea matumbawe, ukikitikisa mara kwa mara. Kisuuze kwenye bakuli la pili kabla hakijaingia tangini. Maji ya mfuko na ya mabakuli yote mwaga. Kiti kilichogundishiwa kipande kivunje ukitupe ukiweza, kwa kuwa mayai ya konokono wasio na gamba na ya minyoo bapa hayafi kwa dawa hizo, na anemoni wadogo wa Aiptasia hupenda kujificha katika matundu yake. Zoanthus na Palythoa, jamaa wa anemoni wanaoota kwa makundi juu ya mawe, washike ukiwa umevaa glavu na miwani. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali mno, na kuna watu waliolazwa hospitali baada ya kuchemsha mawe yenye wanyama hawa au kuyasugua kwa maji ya moto. Mvuke wake nao hudhuru.

Kuhusu majirani, Euphyllia hurefusha minyiri ya kuchoma usiku, hivyo iachie nafasi ya sentimita 15 pande zote. Ukiongeza Sarcophyton, tumbawe laini ambalo hutoa kemikali za kuwazuia wengine wasikue, tumia mkaa wa kuchujia na uubadilishe kila mwezi. Xenia, tumbawe laini linaloenea upesi, iweke kwenye jiwe lake peke yake, la sivyo utaikuta kila mahali. Acropora iahirishe mpaka tangi litimize mwaka na daftari lako lioneshe ualkali usiotikisika.

Kipande cha Mbudya usichukue. Kisiwa hicho, pamoja na kisiwa cha Bongoyo, ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Isitoshe, matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo tumbawe lako litahitaji kibali cha kutoka Tanzania na kingine cha kuingia Uingereza, na mifupa mikavu inahesabiwa pia. Kipande kutoka kwa mfugaji wa mjini kwako kitakuwa kimekwisha kuzoea taa na chumvi za tangi, na kwa kawaida huuzwa kwa bei nafuu kuliko dukani. Huku Berlin wafugaji hugawiana vipande hivyo tangu enzi za Dietrich Stüber, mfugaji wa matumbawe wa hapa, ambaye Acropora yake bado inakua katika matangi ya watu.

Jambo moja litakulazimu uvunje ile wiki mbili za subira: ukiona nyama inaachana na mfupa, au utelezi wa kahawia wenye harufu mbaya, nyonya utelezi huo kwa bomba, ukate kichwa kilichoathirika na ukitoe tangini siku hiyo hiyo. Vinginevyo, niandikie jina la chumvi unayotumia, maandishi yaliyo kwenye zile chupa, na namba za ualkali za wiki nzima, nami nitakuambia kama kuna haja ya kutia chochote.