Rapa anayetaka kuokoa mbwa koko: anzia hapa

Mkuu, umeuliza uanzie wapi: wewe ni rapa, unakaa Sinza, Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye uwanja mdogo, na unataka kuwaokoa mbwa koko wa mtaani. Anza na daftari la hela, mbwa wafuate.

Hela ya muziki haina tarehe. Ramadhani shoo zinakauka, mbwa wanataka kula kila siku. Idadi yao ipime kwa mwezi wako mbovu kuliko yote, usiipime kwa mwezi wa matamasha. Mbwa wa kilo 15 anakula kwa siku kama gramu 200 za unga wa dona, upimwe kabla ya kupika, na gramu 80 za dagaa wakavu waliooshwa vizuri kuondoa mchanga na chumvi. Mbwa kumi ni kilo 60 za unga na kilo 24 za dagaa kwa mwezi, daktari bado. Chukua wawili tu kwanza. Kitunguu usitie, kinaharibu damu ya mbwa.

Kabla hujamshika hata mmoja, chanjwa wewe kinga ya kichaa cha mbwa: sindano mbili, ya pili siku ya 7 baada ya ile ya kwanza. Ukiumwa hata baada ya hapo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaongezewe dozi. Hapa wengi wanakosea: wanamtazama mbwa mgeni wiki mbili, wakimwona mchangamfu wanasema ni mzima. Uangalizi wa siku 10 unahusu mbwa aliyemuuma mtu, kujua kama mate yake yalikuwa na virusi siku ile. Mbwa aliyeng'atwa mwezi uliopita anaweza kukaa miezi bila dalili. Kwa hiyo mgeni achanjwe mapema, na ukimkuta na alama za meno, mwambie daktari wa mifugo.

Kumkamata, usimkimbize. Mwekee chakula ndani ya banda dogo la kubebeka, saa ileile, siku tatu nne mlango ukiwa wazi. Akishazoea kula ametulia ndipo ufunge. Kwenye bajaji funika banda kwa khanga. Asipoona barabara anatulia.

Akifika, mtenge siku 14. Hofu kubwa kwa watoto wa mbwa ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Utamwona kainamisha kichwa juu ya bakuli la maji na hanywi, kisha kutapika na kuhara damu yenye harufu kali usiyoisahau. Anakufa kwa kukaukiwa maji, hivyo dripu isingoje kesho. Sakafu yake safisha kinyesi kwanza kwa sabuni, maana jiki haifanyi kazi juu ya uchafu. Ndipo umwage jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iache dakika 10. Ndala za chumba hicho zisitoke.

Ukurutu unaletwa na wadudu wa ngozi, lakini dawa yake ikizidi nayo inaweza kumuua mbwa. Ivermektini, dawa ya wadudu ya ng'ombe, ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo, mbwa wa kilo 10 anapata mililita 0.2. Ukikadiria kwa macho na bomba kubwa la sindano, ni rahisi kumzidishia sana, na ikizidi anaweza kuyumba, kutoa udenda, hata kupoteza fahamu. Mpime kwenye mizani, na dozi aisimamie daktari.

Jirani zako wengi ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni najisi. Uzio uwe mzima, usimpitishe njia ya msikitini, na zungumza na mjumbe kabla hujaleta mbwa.

Kipaji chako kitumie kuita watu. Nenda kwa afisa mifugo wa kata, uliza siku ya chanjo, itangaze kwa sauti yako. 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, inafaa kuipanga nayo. Ila video isionyeshe geti wala mtaa, la sivyo utakuta maboksi ya vitoto vya mbwa mlangoni asubuhi. Na usimtoe jike kwa mlezi mpya kabla hajafungwa kizazi: mimba yake ni siku 63 tu.