Kujaza gesi ya AC ya gari nyumbani: anza na inakovujia

Gesi ya AC haiunguzwi kama petroli. Inazunguka kwenye mfumo uliofungwa, na kinachopenya kwenye mipira kwa miaka ni kidogo sana. AC iliyojazwa Desemba ikaanza kupuliza joto Februari inavuja, na kuijaza tena bila kuitibu ni kumwaga hela.

Kabla hujanunua gesi, washa gari, weka AC baridi ya mwisho, fungua boneti. Klachi ya kompresa (pampu inayosukuma gesi) inagonga "ta!" na kuvuta? Feni ya mbele inazunguka? Feni iliyokufa inadanganya wengi: gari likitembea ubaridi upo, likikaa foleni linaleta joto. Hapo gesi haina kosa. Toa na filta ya AC, ambayo kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi. Ikiziba kwa vumbi, upepo unakuwa mdogo hata kama gesi imetimia.

Kisha soma lebo iliyo chini ya boneti. Inataja aina ya gesi na uzito wake. Gari ndogo nyingi hubeba kati ya gramu 350 na 550. R134a na R1234yf hazichanganywi, na gesi ya kupikia isikaribie kabisa, inawaka. Gari za haibridi kama Aqua na Prius waachie mafundi wenye vifaa vyake: kompresa yake inaendeshwa na umeme mkubwa, na chupa yenye mafuta ya PAG, yale ya kompresa za kawaida, inaharibu kinga ya umeme iliyo ndani.

Kutafuta panapovuja si kazi ngumu. Gesi hutoka na mafuta ya kompresa, kwa hiyo tafuta vumbi lililoganda kwa mafuta kwenye maungio na kwenye kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, inayopigwa na mawe kila siku. Paka povu la sabuni, usisahau vali zilizo chini ya vifuniko vya kujazia. Oringi (vipete vya mpira vya kwenye maungio) ukibadilisha, nunua za AC na uzipake mafuta ya kompresa. Za bomba la maji hazidumu.

Ukishafungua ungio lolote, lazima uvute hewa kwa pampu ya vakyumu, angalau dakika 30. Funga koki za geji (kipima presha chenye mipira ya bluu, nyekundu na njano), subiri dakika 20. Mshale ukipanda, bado kunavuja. Unyevu ukibaki unaganda kwenye vali ya kupanulia, kijitundu ambamo gesi hupita ili ipoe, na kutengeneza asidi. Huna pampu? Hatua hii mlipe fundi.

Kujaza kwenyewe ni kufupi. Vaa miwani na glavu, kaa mahali penye hewa. Unganisha mpira wa bluu kwenye bomba nene, lenye kifuniko cha L. Toa hewa iliyo ndani ya mpira wa njano, unaotoka kwenye chupa, kwa kulegeza nati upande wa geji kwa sekunde moja. Koki nyekundu ibaki imefungwa muda wote gari likiwa linaunguruma: presha ya upande huo inaweza kurudi ndani ya chupa na kuipasua. Chupa isimame wima. Ukiipindua, gesi inaingia ikiwa kimiminika kama maji, na kompresa haiwezi kusukuma kimiminika.

Sasa kosa la geji. Injini ikiwa imezimwa na joto ni nyuzi 30, R134a itasoma karibu psi 97 iwe mfumo umejaa au umebaki nusu, ilimradi ndani kuna gesi iliyo kimiminika. Anayesema "inasoma 90, imejaa" anabahatisha. Pima uzito: weka chupa kwenye mizani ya jikoni kabla na baada. Kama hujui kilichobaki ndani, ongeza gramu 50, subiri dakika tano, angalia kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Ubaridi ukiacha kuongezeka, acha. Kwa joto la Dar, AC ikifanya kazi, geji ya bluu huwa kati ya psi 35 na 50, nyekundu psi 180 hadi 250. Zote mbili zikipanda zaidi, umezidisha, feni haivuti, au kuna hewa ndani. Bluu juu na nyekundu chini, kompresa imechoka.

Chupa zenye dawa ya kuziba matundu usinunue. Mara nyingi huishia kuziba vali ya kupanulia. Ukimaliza, rudisha vifuniko na uvikaze kwa mkono, maana navyo vinasaidia kuzuia gesi isitoke.