Mkomunisti, msoshalisti, mfashisti: maswali yenu kuhusu siasa za Marekani

Shikamoo. Meya wa New York, Zohran Mamdani, ni mzaliwa wa Kampala. Trump alimwita mkomunisti. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Si kweli kwamba Mamdani ni mkomunisti, na swali hili nitalijibu kwa kirefu kwa sababu linatugusa.

Mamdani anajiita msoshalisti wa kidemokrasia. Trump alianza kumwita mkomunisti aliposhinda kura za mchujo za chama cha Democratic, Juni 2025. Sasa tazama aliyoyaahidi: kodi ya pango isipande katika nyumba ambazo viwango vyake tayari vinapangwa na bodi ya jiji, mabasi bila nauli, malezi ya watoto bila malipo, maduka matano ya vyakula ya jiji kwa majaribio, na matajiri walipe kodi zaidi. Una haki ya kuiona mipango hiyo kuwa mibovu, au kuuliza fedha zitatoka wapi. Lakini mabenki ya Wall Street yanabaki mikononi mwa wenyewe, magazeti yanayompinga yanaendelea kuchapishwa, na wapiga kura wanaweza kumwondoa.

Watanzania wenye umri wangu wanajua serikali ikitwaa mali inakuwaje. Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki yalitaifishwa. Mwaka 1971 zikafuata nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kuna familia Dar es Salaam ambazo hazijasahau. Hata hivyo hatukuwa wakomunisti. Mwalimu Nyerere alikataa kuujenga ujamaa wake juu ya mapambano ya matabaka, ambayo ndiyo msingi wa ukomunisti. Profesa Mahmood Mamdani, baba yake meya, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, wakati tofauti hizo zikijadiliwa usiku na mchana. Inaniuma kuona mambo yaliyotugharimu sana yakigeuzwa tusi la kampeni.

Novemba 2025, wiki chache baada ya Zohran Mamdani kushinda uchaguzi wa meya, Trump alimkaribisha Ikulu na kumsifu mbele ya waandishi wa habari. Kama kweli aliamini mkomunisti ameuteka mji wake wa kuzaliwa, angemsifu?

Kwa nini Wamarekani wakisikia bima ya afya ya serikali wanasema ni usoshalisti? (Msomaji, Mombasa)

Mtindo huo ni wa zamani. Mwaka 1952, akihutubia Syracuse, Rais Harry Truman alilalamika kwamba usoshalisti ni neno la kutishia watu, na kwamba wapinzani wamelirusha kwa kila hatua ya maendeleo, kuanzia mafao ya uzeeni hadi dhamana ya akiba za benki. Mwaka 1961 Ronald Reagan, akiwa bado mwigizaji, alirekodi hotuba akionya kwamba matibabu ya serikali kwa wazee yataleta usoshalisti. Mpango huo, Medicare, ukapitishwa mwaka 1965. Reagan alikuja kuwa rais kwa miaka minane na hakuufuta.

Sheria ya bima ya afya ya Rais Obama ya mwaka 2010 nayo ililaaniwa kwa jina hilo hilo, ingawa ilitegemea kampuni binafsi za bima. Mitt Romney, gavana wa chama cha Republican, alikuwa ameweka mpango unaofanana nayo Massachusetts mwaka 2006. Na North Dakota, jimbo linalowapigia Republican kura kila uchaguzi wa urais, lina benki inayomilikiwa na serikali ya jimbo tangu 1919. Hakuna anayewaita wakulima wa kule wakomunisti.

Watu wa nchi nyingine wanayaonaje haya? (Msomaji, Muscat)

Wengi wanashangaa. Mwaka 2015, wanasiasa wa Marekani walipokuwa wakiitaja Denmark kama nchi ya kisoshalisti, waziri mkuu wake, Lars Løkke Rasmussen, alikwenda Harvard akasema wazi kwamba nchi yake ina uchumi wa soko. Nao Waaustralia, ambao chama chao cha Liberal ndicho cha wahafidhina, wanasikia Marekani mtu akiitwa liberali kwa maana ya kuwa wa mrengo wa kushoto.

Mbona rangi nyekundu, ya wakomunisti, ni ya Republican? (Msomaji, Bukoba)

Ni mazoea ya televisheni yaliyoshika katika uchaguzi wa mwaka 2000. Hayana itikadi ndani yake.

Na wanaomwita Trump mfashisti, nao si wale wale? (Msomaji, Nairobi)

Baadhi yao, ndiyo. Kwa miongo mingi watu wa kushoto wamewatupia neno hilo wahafidhina wa kawaida, na leo wanalihitaji likiwa limechoka. Italia ya Mussolini, mwanzilishi wa ufashisti, kufikia 1926, ilikuwa imepiga marufuku vyama vya upinzani, na wabunge wake wamefungwa. Hicho ndicho kipimo ninachotumia.

Lakini simweki John Kelly kwenye kundi la wapayukaji. Ni jenerali mstaafu aliyekuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu chini ya Trump mwenyewe. Aliposema Oktoba 2024 kwamba bosi wake wa zamani anaingia katika maana ya neno hilo, alieleza sababu zake, na sababu zinaweza kujadiliwa. Kwa upande wangu napenda kutaja kitendo: Trump alikataa kushindwa uchaguzi wa 2020 na akajaribu kuyageuza matokeo. Hilo ni zito hata usipolipa jina la Kiitaliano.

Shemeji yangu ni Mcuba wa Miami. Anasema mimi sijui chochote kuhusu usoshalisti. (Msomaji, Toronto)

Msikilize kwanza. Kama familia yake ilinyang'anywa duka na serikali ya kikomunisti ya Cuba, na ndugu wakafungwa, neno hilo kwake ni jeraha, na hofu yake ni ya haki. Wa kulaumiwa ni wanasiasa wanaolitonesha jeraha hilo kila uchaguzi ili wapate kura Florida. Kisha mwulize kwa upole kuhusu Hialeah, mji uliojaa Wacuba pale jirani na Miami. Ni miongoni mwa maeneo yanayoongoza Marekani nzima kwa watu kujiandikisha katika bima ile ya Obama.