Maswali na Majibu: Olympus Trip 35 kwenye jua la Dodoma

Safari hii maswali yote yanahusu Olympus Trip 35, kamera ndogo ya mkanda iliyotengenezwa Japani kuanzia 1967 hadi 1984.

Nimeachiwa na babu Trip 35, sioni pa kuweka betri. Nitajuaje kama bado inapima mwanga? (Chamwino)

Haitumii betri. Ile pete yenye vijivimbe vya kioo kuizunguka lenzi inafunika seli ya seleniamu. Mwanga ukiipiga, inazalisha umeme kidogo unaosogeza sindano, na sindano ndiyo inayopanga tundu la lenzi na kasi ya shata (kilango kinachofunguka kupitisha mwanga): 1/40 au 1/200 ya sekunde, basi.

Weka pete ya kupangia tundu kwenye A (kamera ijipangie yenyewe), zungusha gurudumu la kuvutia mkanda, funika lenzi yote kwa kiganja, bonyeza. Kibendera chekundu kinapaswa kutokea kwenye kioo cha kuchungulia na kitufe kigome. Elekeza nje mchana, ifyatuke. Kisha ingia chumba chenye mwanga hafifu: kwenye ASA 25 (ASA ni namba ya wepesi wa mkanda kupokea mwanga) igome, kwenye ASA 400 palepale ikubali. Ikifaulu, seli iko hai.

Lakini hapo hujamaliza. Ugonjwa mkubwa wa kamera hizi ni mafuta ya zamani kunata kwenye vipande vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu. Tundu likinata wazi, negativu (picha za kinyume kwenye mkanda uliosafishwa) za juani zitatoka nyeusi tii kwa mwanga kuzidi. Fundi asafishe kwa petroli ya viberiti. Asipulize mafuta ya kulainishia, yatazidisha kunata.

Nikipiga watu mbele ya ukuta mweupe, nyuso zinatoka nyeusi kabisa. Kamera mbovu? (Kongwa)

Si mbovu. Kipimo kinachukua wastani wa mwanga wote ulio mbele yake, hakijui kwamba unachotaka ni uso. Ukuta wa chokaa au anga la saa saba mchana likijaa kwenye picha, kinadhani mwanga umezidi na kubana tundu. Ngozi yetu ndiyo inayoumia.

Dawa ya kwanza ni kuidanganya ASA. Mkanda wa 200, weka 100: mwanga unakuwa maradufu. Mtu akiwa kivulini na nyuma yake kunawaka, shuka hadi 50. Mkanda wa negativu wa rangi unavumilia mwanga kuzidi, ila ukipungua, maelezo ya uso hayarudi hata ufanye nini. Ukimaliza rudisha 200, wengi husahau.

Dawa ya pili: inamisha kamera kwenye udongo mwekundu unaopigwa na mwanga uleule wa uso, bonyeza kitufe nusu na kushikilia, kipimo kitabaki hapo. Inua, panga picha, malizia kubonyeza. Kwa picha za harusi tunapendelea ya kwanza, kwa sababu mkono hauchoki. Na adhuhuri msimamishe mtu ndani kabisa ya kivuli cha mwarobaini; jua la utosini huacha mashimo meusi machoni.

ASA ngapi inafaa huku? (Bahi)

100 au 200. Jua kali la mchana kwa ASA 400 linahitaji 1/200 na tundu la 22, ambalo ndilo dogo kuliko yote kwenye kamera hii. Hakuna akiba inayobaki.

Ndani ya mapango ya michoro ya Kolo kamera inagoma. (Kondoa)

Mwanga umepungua kuliko inavyoweza. Toa pete ya tundu kwenye A, weka 2.8, tundu pana kuliko yote: itapiga kwa 1/40. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi, bonyeza taratibu. Chagua alama ya umbali kwa makini (mita 1, 1.5, 3, au mlima kwa vya mbali), kwani kwenye 2.8 ukikosea kidogo picha inatoka na ukungu. Flashi iache, michoro ile haihitaji kumulikwa.

Picha zangu zina michirizi ya rangi ya chungwa. (Mpwapwa)

Sponji nyeusi za mlango wa nyuma zimeoza, mwanga unapenya. Kwangua mabaki kwa njiti ya kiberiti iliyochovywa spiriti, kamera ikiwa imeinama ili uchafu usiangukie shata. Kwenye mifereji bandika uzi mweusi wa sufu, na upande wa bawaba kipande cha kitambaa cheusi kizito. Mlango ukikataa kufunga, umeweka kinene mno.

Nasafisha mikanda nyumbani, ikikauka ina madoa meupe. (Dodoma mjini)

Ni chumvi ya maji. Osha kwa maji ya bomba, lakini suuza ya mwisho, dakika moja, iwe kwa maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma lebo usije ukapewa asidi. Tundika mkanda bafuni baada ya kumwagia sakafu maji ili vumbi litulie, na mlango uwe umefungwa hadi ukauke.